Mikono Iliyotangulia Mdomo

Haya, kabla hujasema napiga chumvi, soma mpaka mwisho. Kuna ukumbi ambao watu walicheka kabla kichekesho hakijasemwa. Sio baada. Kabla! Mwigizaji yuko jukwaani, mdomo haujafunguka, na upande mzima wa ukumbi watu wanajishika mbavu. Na aliyesababisha yote hayo ni mwalimu aliyekuwa likizoni, amekaa zake kwenye kiti, mdomo kafunga.

Tumwite Ticha, maana hata mama yake mzazi anamwita hivyo. Ticha anafundisha shule ya viziwi. Watu wakisikia husema, "Ooh, kazi ya kimya kimya," naye hucheka mpaka machozi yanamtoka. Lile darasa lina makelele kuliko soko, ila makelele yenyewe ni ya mikono. Huyu anamteta yule kwa chini ya dawati, yule anajibu kwa nyusi, wa nyuma kabisa anasimulia mpira wote wa jana kwa mabega. Ikifika jioni viwiko vya Ticha vinawaka moto kama mtu aliyeshinda shambani. Na kuna neno moja huwaambia kila siku wakidhani wanasengenyana kwa siri: "Mikono haina mnong'ono. Anayekuona, amekusikia." Lishike hilo neno. Litarudi kumchapa mwenyewe.

Basi, likizo fupi ya katikati ya muhula ikafika. Ticha ana marafiki wawili, wametoka naye chuo cha ualimu, chumba kimoja, sufuria moja. Wa kwanza ni Mama Pacha, aliacha chaki siku nyingi, anauza maua. Wa pili ni Chiriku. Na jina limemkaa, kwa sababu huyo mwanamke akianza kuongea hata redio inazima yenyewe. Chiriku naye aliacha chaki, akaenda jukwaani, na sasa ni mwigizaji ambaye watu wanamsimamisha barabarani. Wote watatu wanajua lugha ya alama. Kule chuoni Ticha alikuwa anafanyia mazoezi kwao kwa nguvu: huombi chumvi kwa mdomo, unaomba kwa mkono, la sivyo kula mboga yako chapwa. Wakaishia kuitumia kumteta matroni mbele ya macho yake.

Kila likizo wana desturi yao. Hakuna kufua, hakuna kusahihisha, hakuna mume. Wanakwenda kuangalia vitu vya moja kwa moja, mtu mzima anatoka jasho mbele yako, sio kwenye kioo cha simu.

Siku ya kwanza ilikuwa muziki, uwanja wa chuo fulani, bendi ya wazee wanaopuliza tarumbeta kama wamerudishiwa ujana. Raha! Mama Pacha kacheza mpaka kiatu kikakatika. Wakakaa kwenye nyasi, wanapepea, ndipo Chiriku akamgeukia Mama Pacha, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na mama anaendeleaje? Si ungekuja naye? Yule anapenda tarumbeta."

Mama Pacha akaganda na kiatu mkononi.

"Mama nani?"

"Mama yako, mama nani mwingine?"

Sasa ngoja nikwambie. Mama yake Mama Pacha alizikwa mwaka jana. Na Chiriku alikuwepo! Alilala pale msibani wiki nzima, alipika, aliosha masufuria, aliwafukuza ndugu waliokuja kugombea vyombo. Halafu leo anauliza anaendeleaje.

"Huo utani umeutoa wapi?" Mama Pacha akasema, sauti imekuwa nyembamba. "Yaani kila kitu kwako ni mchezo? Hata mama yangu?"

Chiriku akamtazama Ticha. Yale macho! Ticha anayajua, anayaona kila siku darasani: macho ya mtoto aliyeulizwa swali, wenzake wote wanajua jibu isipokuwa yeye. Ikapita. Chiriku akacheka, akajipiga mdomo. "Nisamehe, dada. Ulimi hauna mfupa." Wakarudi kwenye tarumbeta, lakini Ticha hakusikia tena hata wimbo mmoja.

Kesho yake Chiriku akamfuata Ticha nyumbani, peke yake. Hakukaa. Akawa anazunguka sebuleni, mara anashika pazia, mara anaacha.

"Igizo linaanza Alhamisi. Mama mkwe ndiyo mimi. Nisikilize maneno yangu."

"Wewe tangu lini unasikilizwa maneno? Si unayameza ukiwa unachambua mchele?"

"Nisikilize tu, Ticha."

Wakaanza. Ticha ameshika kitabu cha igizo, anasoma sehemu za wengine, Chiriku anajibu. Kurasa za mwanzo, safi kama maji. Halafu akasimama. Mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Ticha, kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo anavyofanya kutwa mtoto akikwama, mkono wake ukainuka, ukaonyesha alama ya neno linalofuata. Na mdomo wa Chiriku ukalidaka papo hapo! Sentensi nzima ikamwagika. Akakwama tena mbele, mkono ukainuka tena, mdomo ukadaka tena.

Ticha akaweka kitabu chini.

"Tangu lini?"

"Usianze."

"Nakuuliza, tangu lini?"

Chiriku akakaa, hatimaye. Akasema juzi alishuka kituo ambacho sicho, akasimama pale kama mgeni. Akasema chai inachemka mpaka sufuria inaungua, majirani ndio wanaokuja kugonga. Akasema, "Na wewe unamkumbuka mama yangu alivyoishia. Alikuwa ananiita 'dada'. Ananiuliza nimemwona wapi Chiriku."

"Twende hospitali. Kesho."

"Nikienda wataniambia. Wakiniambia, itakuwa kweli." Akamshika Ticha mikono yote miwili, na kumshika Ticha mikono ni kama kumziba mdomo. "Niache nimalize hili igizo. Kaa pembeni ya jukwaa, mikono mapajani, unipe maneno yakinikimbia. Likiisha, nitakwenda. Naapa. Ila mwongozaji asijue. Kuna mwigizaji wa akiba pale, binti ana njaa ya ile nafasi kama fisi. Wakinitoa huko, Ticha, nitakuwa nani?"

Ticha akakubali. Alikubali kwa moyo mzito, ila alikubali, na mwenzio akikuuliza atakuwa nani, wewe utamjibu nini? Likizo yake ikageuka kazi. Alikesha na kile kitabu cha igizo mpaka akakijua kwa kichwa.

Ule ukumbi jukwaa lake limechomoza katikati, viti vimelizunguka pande tatu. Alhamisi alasiri, Ticha akakaa upande wa kushoto, kiti cha mbele, mikono mapajani. Mama Pacha yuko pembeni yake na bisi, hajui lolote. Igizo lenyewe ni la kuchekesha: mama mkwe anakuja "kusalimia" na masanduku sita. Mkwe wa kike anasema kwa adabu, "Karibu mama, nyumba hii ni yako." Na mama mkwe anamjibu, "Najua. Nimekuja kukuonyesha chumba chako."

Hapo hapo kwenye utamu, Chiriku akakwama. Macho yakateremka. Mikono ya Ticha ikacheza mapajani, haraka. Mdomo ukadaka. Ukumbi ukalipuka! Mama Pacha alimwaga bisi. Ticha peke yake ndiye hakucheka, jasho linamteremka mgongoni.

Ikawa hivyo mpaka mwisho, mikono inatoa kila neno la mama mkwe kabla halijakwama. Na lile ambalo Ticha hakulifikiria, pamoja na akili zake zote, ni kwamba upande wa pili wa jukwaa, viti vinavyomtazama yeye uso kwa uso, kuna watu. Na taa za jukwaa zinamwagikia mapajani kwake.

Watu wanatoka, akasikia anakumbatiwa kwa nyuma karibu avunjwe mbavu. Kugeuka, ni Msusi! Mwanafunzi wake wa zamani, sasa ana saluni yake, watu wanapanga foleni. Mikono inaruka kama amekanyaga siafu.

"Mwalimu! Nilikuja kuangalia nguo na mitindo ya nywele tu, kama kawaida. Halafu nikakuona! Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa igizo! Kesho nakuja na wenzangu wote!"

"Hapana, Msusi, ngoja, mimi sikuwa..."

Sikuwa nini? Amalizie vipi? Mwongozaji ameshafika, kijana mwenye miwani na kitambaa shingoni, anauliza huyu dada anasema nini, na Mama Pacha kwa kiherehere chake akatafsiri neno kwa neno. Mwongozaji akashika kichwa.

"Mwalimu! Ulikuwa unawatafsiria watu bila hata kuombwa? Kesho nakuwekea taa yako mwenyewe!"

Ticha akamtafuta Chiriku kwa macho. Chiriku yuko kwenye ngazi za jukwaa, anakonyeza, kama anasema: unaona? Mungu mwenyewe kapanga.

Kesho yake, Ijumaa, upande wa kulia wote umejaa viziwi. Mafundi, wanafunzi, mzee mmoja na wajukuu zake, Msusi katikati kama bibi harusi. Ticha amewekewa kiti kirefu na taa ya kwake. Mwongozaji akamtambulisha, watu wakapiga makofi, viziwi wakainua mikono juu na kuitikisa. Ticha akatamani ardhi ipasuke. Sasa lazima atoe maneno ya kila mtu, sio ya Chiriku tu. Na Chiriku siku hiyo alikuwa vibaya. Tangu mwanzo kabisa macho yake hayakutoka kwenye ile mikono.

Likafika lile neno la chumba. Mkwe akasema, "Karibu mama, nyumba hii ni yako." Ticha akatoa jibu, kwa sababu Chiriku alikuwa anangoja. Na upande wa kulia wote ukapasuka kwa kicheko! Chiriku hajasema kitu! Wasikiaji wakageuka, wanashangaa, hawa wanacheka nini? Ndipo Chiriku akasema, na upande wa kushoto nao ukapasuka. Kicheko mara mbili, kama radi na mwangwi wake. Ikatokea tena. Na tena. Mama Pacha akaacha kutafuna.

Wakati wa mapumziko, Mama Pacha amekwenda kununua soda, Msusi akavuka ukumbi, akasimama mbele ya Ticha. Safari hii hakuruka.

"Mwalimu, wewe ulitufundisha. Mkalimani hufuata. Mtu anasema, halafu mikono inakuja nyuma. Wewe unatangulia. Na yule mama hakutazami usoni. Anatazama mikono." Akasita. "Anaumwa?"

Ticha angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amechoka, jamani, na huyu ni mtoto wake, aliyemfundisha jina lake mwenyewe. Na kulikuwa na kimya kizuri kati yao, watu wanapita na soda zao hawaelewi kitu. Kiganja chake kikapanda, kikafuta paji la uso taratibu, kama mtu anayefuta ubao.

"Anasahau."

Msusi akaangalia nyuma ya bega la Ticha, na uso wake ukabadilika. Ticha akageuka. Pazia la pembeni limefunguka kidogo, na katikati amesimama Chiriku, kilemba cha mama mkwe kichwani, anawatazama. Ameona yote.

Mikono haina mnong'ono! Kila siku anawaambia watoto wa watu!

Sehemu ya pili ikaanza. Chiriku akatoka, na tangu atoke hakugeuza uso upande wa Ticha hata kidogo. Anasema kwa kubahatisha, anaruka maneno, wenzake wanamkimbiza kama watu wanaodaka mayai. Akafika kwenye neno kubwa la igizo zima. Mama mkwe amebaki peke yake, mwanawe amemfungia nje, na anatakiwa aseme: "Sikuja kukaa. Nilikuja kuona kama bado kuna mtu atakayenifungulia mlango."

"Sikuja..." Chiriku akasema.

Kimya.

"Sikuja..."

Ticha akainua mikono juu kabisa kwenye taa. Viganja viwili vimesimama kama mlango, kimoja kikafunguka. Chiriku akatazama dari. Kimya kikawa kirefu, kikawa kibaya, mtu akakohoa. Ticha anarudia, mlango, mlango, machozi yanamtoka, na yule mwanamke mkaidi hageuki! Anajua jibu liko wapi, anakataa kulichukua.

Hapo ndipo Msusi akasimama. Akainua mikono yake, viganja viwili, mlango, kimoja kikafunguka. Aliyekaa naye akasimama, akafanya hivyo hivyo. Yule mzee na wajukuu zake. Mafundi. Upande mzima wa kulia umesimama, milango kwa milango inafunguka hewani, bila sauti. Na Chiriku hakuwa na pa kuficha macho, kwa sababu sasa kila alikotazama kulikuwa na mlango.

Akawatazama.

"Sikuja kukaa," akasema. "Nilikuja kuona kama bado kuna mtu atakayenifungulia mlango."

Wee! Ule ukumbi! Watu walisimama juu ya viti. Walidhani imepangwa. Simu zote juu, watu wanarekodi na kulia kwa wakati mmoja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mwongozaji hakushikika. Anakumbatia kila kitu, hata stendi ya nguo kaikumbatia. "Hii tunaiweka kila siku! Tunazunguka nayo miji yote! Mwalimu, utaomba ruhusa shuleni kwako. Mlipanga lini na mimi hamniambii?"

"Toka mwanzo," Chiriku akasema huku anacheka, anafungua kilemba. "Si ndiyo, Ticha? Tunazunguka miji yote!"

Miji yote. Kwa hiyo hospitali hakuna. Kwa hiyo "likiisha nitakwenda" limekufa pale pale. Ticha akawaona wanafunzi wake wanangoja Jumatatu. Akaona sufuria inaungua. Akamwona Chiriku kwenye kituo cha mji asioujua, na hakuna jirani wa kugonga. Chini ya meza, ambapo mwongozaji haoni, mkono wa Chiriku ukasema: nyamaza. Ukasema: rafiki.

"Haikupangwa," Ticha akasema. "Anasahau. Mimi ndiye nimekuwa nikimpa maneno. Anahitaji daktari."

Mwongozaji akavua miwani. Akamtazama Chiriku, akamtazama Ticha, akatafuta pa kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kabisa kwamba kesho na Jumapili ataingia yule binti wa akiba, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka mama hospitali kwa gari lake, siku yoyote atakayotaka. Chiriku alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani. Halafu akamgeukia Ticha.

"Nilikushika mikono siku ile. Ningekuziba mdomo."

Mama Pacha, aliyekuwa mlangoni akasikia yote, ndiye aliyempeleka Chiriku nyumbani. Alilia njia nzima, maana ndiyo kwanza alielewa lile swali la kwenye nyasi. Lakini akitoka huko alisimama mlangoni kwa Ticha akiwa na moto: "Umesema kweli, sawa. Ila mbele ya bosi wake? Ungengoja hata afute wanja usoni!"

Jumamosi Chiriku hakupokea simu. Ticha alipiga mpaka kidole kikachoka.

Jumapili mchana Ticha yuko kwake, anapiga pasi nguo za shule. Simu ikalia juu ya meza ya pasi. Ya video. Chiriku! Akapokea mbio mbio, pasi karibu iunguze sketi.

Na kwenye kioo ni Chiriku, kilemba cha mama mkwe kichwani, wanja umepakwa vizuri, midomo inang'aa. Nyuma yake ni chumbani kwake, kitanda hakijatandikwa. Anatabasamu, tabasamu lile la chuoni, la kabla ya kumteta matroni.

"We Ticha, uko wapi? Muda unakwenda! Kiti chako si kile kile, na taa yako. Hebu fanya haraka, leo ndiyo mwisho, na ukichelewa mimi nitasema nini pale mbele?"

Ticha alimtazama. Akatafuta hasira kwenye ule uso, hakuiona. Akatafuta utani, hakuuona. Amesahau? Amesamehe? Au anamtega, anataka kusikia kama mwenzake ana moyo wa kulisema lile neno mara ya pili? Ukumbini binti wa akiba ameshavaa nguo za mama mkwe. Na Chiriku ameshika funguo, anangoja jibu.

"Ticha? Unanisikia? Niambie basi, unakuja?"

Mdomo wa Ticha ukafunguka, hakikutoka kitu. Mikono nayo, ile mikono isiyokosa neno, ikabaki imening'inia.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, na yuko hewani anangoja: ungemwambia nini?